Mto una wenyewe wangapi? Ahero na hesabu ya tuta la Nyando

Mgeni wa Ahero, mji mdogo wa kaunti ya Kisumu, hushangazwa na jambo moja: mafuriko huweza kuingia jua likiwaka. Asubuhi wenye vibanda wamefungua, omena imeanikwa, boda boda zimejipanga pale njia ya Kisii inapoachana na ya Kericho, na ardhi ni kavu kabisa. Jioni watu wanapita na magodoro kichwani. Mvua yenyewe ilinyesha usiku uliotangulia kule kwenye milima ya Nandi na Tinderet, ikashuka na Mto Nyando kupitia ukanda wa miwa wa Muhoroni, na ilipofika tambarare ya Kano ikakosa mteremko wa kuisukuma mbele. Bonde la Nyando lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 3,500, na sehemu kubwa ya maji yake hupita hapa, chini ya daraja moja, ikielekea Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria.

Agosti mmoja nilikaa viti vya nyuma kwenye kikao cha kuchukua maoni ya wananchi, katika ukumbi wa kanisa si mbali na mto huo. Kila aliyesimama alikuwa na neno moja mdomoni: tuta la kuuzuia mto. Wanafunzi wanasoma kwa taabu, tuta. Choo kimezama, tuta. Mzee mmoja alimaliza kabisa: "Tujengewe tuta, mengine tutajifanyia." Afisa aliyekuwa akiandika akamjibu kwa upole, "Jaduong', mto si wa kaunti." Ukumbi ukacheka kicheko cha watu waliokwisha kulisikia jibu hilo. Mama mmoja akauliza bila kusimama, "Na ukiingia nyumbani kwangu unakuwa wa nani?"

Afisa hakujibu, akapewa mwingine nafasi. Lakini swali la yule mama lina jibu, na jibu hilo ni refu. Afisa naye hakuwa akikwepa. Alichosema kimeandikwa kwenye sheria. Shida ni kwamba sheria hiyo hiyo ina mengine ambayo hayakusemwa siku ile.

Anayetaka kuelewa aanze na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambalo ndilo linalogawa kazi kati ya Nairobi na kaunti. Sehemu ya kwanza inaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa maji, uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa. Sehemu ya pili inazipa kaunti mifumo ya kuondoa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na zimamoto na kukabiliana na majanga. Halafu ukirudi sehemu ya kwanza unakuta kukabiliana na majanga kumeandikwa huko pia. Kifungu cha 186 kinasema kazi iliyopewa ngazi mbili ni ya zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo maji yakiwa mtoni ni ya Nairobi. Yakiingia mtaroni sokoni ni ya kaunti. Yakiingia chumbani kwa yule mama yamekuwa janga, na janga ni la wote wawili. Kila Mkenya anajua kitu cha wote wawili huangaliwa na nani.

Na hapo bado hatujafika kwenye kalvati. Maji ya Ahero yakitaka kuvuka kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine lazima yapite chini ya barabara kuu, na kalvati za barabara kuu ni za mamlaka ya barabara kuu, si za kaunti. Mifereji ya skimu ya mpunga iko chini ya mamlaka ya unyunyiziaji. Kibali cha kugusa kingo za mto hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Matuta makubwa na mabwawa ni kazi ya mamlaka nyingine tena, ile ya uvunaji na uhifadhi wa maji. Msimamizi wa wadi, ambaye ndiye anayepigiwa simu saa nane usiku, hana hata mojawapo ya hizo. Mabaraza ya miji yalipozimwa mwaka 2013, mji mdogo kama huu ulipoteza ofisi ambayo mtu angeweza kwenda kuigombeza. Kamati au bodi ya mji iliyokuja baadaye chini ya Sheria ya Miji na Majiji haina mfuko wake. Inaishi kwa kile ambacho bajeti ya kaunti imeitengea.

Hata hivyo Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, ikiwa itafanyika vizuri zaidi huko, na kinataka fedha za kuifanya zifuate. Maana yake, "mto si wa kaunti" ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ingekuwa: kaunti inaweza kuomba ikabidhiwe utunzaji wa tuta hili, kilomita hizi, na fedha hizi. Kwa nini isiombe? Mimi nadhani ni kwa sababu kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe. Lakini tuitazame kazi yenyewe kwanza, maana hapo ndipo mengi hayasemwi kikaoni.

Tambarare ya Kano ilijengwa na mito yenyewe. Kila mto ulipofurika kwa karne nyingi, uliacha tope lake zito karibu na ukingo na kubeba lile jepesi mbali. Ndiyo maana kingo zimeinuka kuliko mashamba yaliyo nyuma yake. Simama ukingoni mgongo wako ukiuelekea mto, na utaona ardhi ikiinama taratibu mbele yako, jambo ambalo mtu aliyezoea vilima vya Vihiga hawezi kuliamini. Maji yakishatoka hapo hayarudi mtoni. Yanakwenda kutafuta bonde lake, na bonde lake ni shamba la mtu.

Juu ya ardhi hiyo ndipo tunapotaka tuta. Tuta linazuia maji ya mto yasitoke, sawa. Lakini linazuia pia maji ya mvua yaliyo upande wa nyumba yasiingie mtoni, kwa hiyo usipoweka kalvati zenye milango inayofunguka upande mmoja tu, umewajengea watu beseni. Skimu ya West Kano, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kando ya ziwa, inalijua jambo hili vizuri: inavuta maji ya ziwa kwa pampu kumwagilia mpunga, kisha inatumia pampu tena kuyatoa maji yaliyobaki. Umeme ukikatika, shamba linageuka kidimbwi.

Kuna la pili. Nyando hubeba udongo mwingi sana kutoka juu, na ndiyo maana maji yake wakati wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Mto usipopata pa kuumwaga udongo huo kwenye tambarare, unaumwaga kwenye sakafu yake. Sakafu inapanda. Tuseme inapanda sentimita 5 kwa mwaka: tuta lililojengwa likiwa na kimo cha mita 2 juu ya sakafu hiyo litakuwa na mita 1 tu baada ya miaka 20, bila mtu yeyote kuligusa. Wanaochimba mchanga mtoni watakwambia wao ndio wanaoipunguza sakafu hiyo, na wana hoja, ila wengi wao huchimba penye njia rahisi ya lori, yaani chini ya ukingo, na ukingo ukinyimwa miguu huanguka.

La tatu ni ziwa. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kilichoipita rekodi ya 1964, ile iliyofuata mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambazo wazee wa hapa bado wanazisimulia. Mwaka 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Ziwa likiwa juu, mto unakaribia mwisho wake ukiwa hauna pa kuteremkia. Maji yanasimama, yanarudi nyuma, na vijiji vya Kadibo na sehemu za chini za Nyando vinazama siku ambayo hata Tinderet haikunyesha. Hakuna tuta la Ahero linaloweza kulisukuma ziwa.

Na mwisho udongo wenyewe. Ule mweusi wa Kano, wa aina ile wanayoiita udongo wa pamba, hufura ukiloa na kupasuka ukikauka. Januari ufa wake unaweza kumeza mguu wa mtoto. Tuta lililotengenezwa kwa udongo huo peke yake lina nyufa tayari mvua ya kwanza inapokuja. Maji hayahitaji kupanda juu ya tuta ili kulibomoa. Huingia kwenye ufa, au kwenye shimo la panya, au shimo la fuko, huchota chembe moja moja upande wa pili, na baada ya saa chache tundu la ukubwa wa ngumi limekuwa lango la lori. Ndiyo maana mafundi hutaka udongo uletwe kutoka kwingine, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, juu ulazwe moramu na ubavuni zipandwe nyasi. Na ndiyo maana adui mkubwa wa tuta ni ng'ombe kuliko hata mafuriko. Ng'ombe wa hapa hunywa maji mtoni, nao hawapandi tuta kila mmoja mahali pake. Hufuata njia moja. Miezi sita, njia hiyo imekuwa pengo lenye umbo la tandiko, na mto ukijaa hapo ndipo unapoanzia.

Waulize watu wa Budalang'i, chini kule kwenye Mto Nzoia, kaunti ya Busia. Wao walipata matuta marefu, pande zote mbili za mto, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Yamebomoka mara kadhaa tangu wakati huo, na watu wa huko wamelala mahemani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tena kuna jambo la mito yenye matuta pande mbili ambalo halisemwi hadharani: upande mmoja ukibomoka, ule mwingine unapona. Maji ni yale yale. Tuta halipunguzi hata ndoo moja, linaamua tu yapite kwa nani. Kwa hiyo ombi la kurefusha tuta kilomita tatu upande wa kushoto ni, bila kusemwa, ombi la kuyapeleka maji kwa wa upande wa kulia na wa chini, ambao siku ya kikao hawakuwapo ukumbini kwa sababu wadi yao ilikuwa na kikao chake.

Sitaki nieleweke vibaya. Napendelea tuta. Lakini tuta ni kama ng'ombe wa maziwa: kumnunua ni siku moja, kumlisha ni kila siku. Tukiomba tuta bila kuuliza nani atalilea, tunajiombea mafuriko ya ghafla badala ya yale ya taratibu, na yale ya taratibu angalau humpa mtu nafasi ya kutoa mbuzi.

Ukimuuliza mhasibu wa kaunti kwa nini pengo la ng'ombe halizibwi, atakutolea kalenda, na kalenda hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko mchoro wowote wa mhandisi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kufikia Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mto nao una kalenda yake: mvua ndefu Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba, na miezi mikavu ya kufanyia kazi ya udongo ni Januari na Februari.

Sasa ziweke kalenda hizo mbili juu ya nyingine. Chukua tuta lililobomoka Mei 2024. Bajeti iliyoanza Julai mwaka huo ilikuwa imekwisha kufika bungeni Aprili, kwa hiyo pengo jipya halimo. Linaingia kwenye mpango wa Septemba 2024, fedha zake zinaanza kuhesabika Julai 2025, zabuni inachukua miezi, hazina ya kitaifa inachelewesha mgao kama kawaida yake, mvua fupi zinaingia, na tingatinga linapata ardhi kavu Januari 2026. Kati ya pengo na tingatinga zimepita misimu mitatu ya mvua. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala. Kila mtu amefuata tarehe zake. (Kuna bajeti ya nyongeza ambayo huweza kufupisha safari hiyo, nayo hutumika, ila huko pengo la ng'ombe hushindana na mishahara na madeni ya wakandarasi.)

Wengine husema: si kuna mfuko wa dharura? Upo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kaunti kuwa nao, usizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kwa matumizi ya haraka yasiyotarajiwa. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Mafuriko ya Nyando yanatarajiwa na kila mtu kuanzia gavana hadi mtoto wa chekechea. Mfuko huo utanunua magunia ya mchanga, mahema, unga na neti maji yakishaingia, na ni vema ununue. Kukarabati tuta mwezi Januari, wakati hakuna anayelia, si dharura kisheria wala kisiasa. Hivyo tunajikuta tuna fedha za haraka kwa ajili ya kuokoa watu, na fedha za polepole kwa ajili ya kuwaepusha wasihitaji kuokolewa.

Kuna njia ya kupita hapo katikati, nayo haina mvuto wowote: kuweka kwenye bajeti ya kila mwaka mstari mmoja wa matunzo, usiotaja pengo fulani bali kilomita fulani, ili Januari ikifika fedha ziwepo kabla ya kujua pengo liko wapi. Pia kuna vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, ambavyo wanachama wake ni hawa hawa wenye mashamba, mabomba na ng'ombe. Chama cha namna hiyo kikipewa mkataba wa kutunza kilomita mbili, pamoja na njia maalumu ya ng'ombe iliyowekwa mawe, kinaweza kufanya kwa majembe kazi ambayo zabuni ingeifanya kwa mamilioni. Hakiwezi kujenga upya tuta lililobebwa. Kinaweza kulizuia lisibebwe.

Mjini kwenyewe mambo ni mepesi zaidi, na hapa kaunti haina pa kujificha. Mitaro ya sokoni ni yake bila ubishi. Mafuriko mengine ya katikati ya mji hayatoki Nyando kabisa. Ni mvua ya saa moja iliyokuta mtaro umejaa maganda ya mahindi na mifuko, halafu kibanda kimejengwa juu ya mtaro, halafu kibanda hicho kinalipa ushuru kila siku kwa kaunti hiyo hiyo. Mtoza ushuru na mzibua mtaro wangeweza kuwa wanatembea pamoja.

Jambo gumu kuliko yote ni lile linaloitwa sera ya ardhi ya kingo. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, ambao haufai kujengwa wala kulimwa. Mwaka 2024, baada ya mvua zilizoua watu zaidi ya 200 nchini na mkasa wa Mai Mahiu kule Nakuru, serikali iliamuru wanaoishi kwenye maeneo ya hatari waondoke, na mita 30 zikawa wimbo wa kila redio. Jijini Nairobi, amri hiyo ilikutana na vibanda na majengo. Huku kwetu ilikutana na hatimiliki na makaburi.

Dala, yaani boma la Mjaluo, si nyumba tu. Kuna nyumba ya mke mkubwa mahali pake, simba, yaani nyumba ndogo za vijana, mahali pake, na wazee wamelazwa ndani ya boma. Mtu huyo ana hati ya ardhi aliyorithi, na hati hiyo inafika hadi majini. Sheria ya kingo haimnyang'anyi, inamwambia asitumie. Fidia huja pale serikali inapotwaa ardhi, na kwa kuwa haijatwaa, hakuna fidia. Umwambie ahame aende wapi, na mababu awaache na nani? Wengi wakihamishwa hurudi maji yakikauka, na hufanya hivyo kwa akili zao timamu, kwa sababu ardhi iliyofurika ndiyo yenye rutuba. Tope la Nyando ni mbolea ya bure. Baada ya maji kuondoka, mboga na nduma hustawi pale kuliko kwingineko, na kamongo huchimbuliwa kwenye matope. Anayekwambia watu wa Kano wanataka maji yasifike kabisa hajaongea nao vya kutosha. Wanataka yafike yakiwa na adabu.

Ndiyo maana sera ambazo zimeshika mizizi zaidi ni zile zinazokubali kwamba maji yatakuja. Miaka kumi na kitu iliyopita, mradi uliofadhiliwa na Japan katika vijiji vya bonde la Nyando ulijenga mahali pa kukimbilia palipoinuliwa na visima vyenye midomo iliyonyanyuliwa ili maji machafu yasivimeze. Mambo madogo. Lakini kipindupindu huingia kupitia kisima na choo, si kupitia tuta. Kaunti ina uwezo kamili wa kuendeleza hilo kesho: kanuni ya ujenzi inayotaka msingi wa zahanati na chekechea uinuliwe, vyoo vya shule vijengwe juu ya jukwaa, na kila kijiji kiwe na kipande cha ardhi ya juu kinachojulikana. Hivi sasa kimbilio letu ni madarasa. Muhula wa pili wa 2024 ulipoahirishwa nchi nzima kwa sababu ya mafuriko, wengi walifikiri ni kwa ajili ya barabara zilizokatika. Kwenye tambarare kama hii kulikuwa na sababu nyingine: madawati yalikuwa vitanda.

Nalo bwawa? Kila kikao kina mtu mmoja anayesema dawa ni bwawa la Soin-Koru, huko juu mpakani mwa Kisumu na Kericho. Limezungumziwa tangu miaka ya 1980, na ujenzi uliopewa msukumo mwanzoni mwa miaka ya 2020 umekuwa ukisuasua kwa ukosefu wa fedha. Mpango ni lihifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 90, na hicho si kiasi kidogo. Lakini bwawa hili limeahidiwa kufanya kazi mbili zinazogombana. Ili lizuie mafuriko, liwe nusu tupu mvua zinapoanza. Ili litoe maji ya bomba na ya kilimo, liwe limejaa mvua zinapoisha. Atakayeshika ufunguo wa milango yake ndiye atakayeamua kati ya mwenye bomba mjini na mwenye mpunga Ahero, na ningependa kujua mapema ni nani huyo na atapigiwa simu na nani. Wakenya tangu bwawa lilipopasuka Solai, Mei 9, 2018, wanajua kwamba bwawa lisilosimamiwa ni hatari kuliko mto. Na hata bwawa zuri halidaki maji ya vijito vinavyoingia chini yake.

Jambo la bei nafuu kuliko yote ni kuambiana mapema. Mvua ya Tinderet huchukua saa kadhaa kufika darajani, na saa hizo ni za kutosha kwa bibi, ng'ombe na gunia la mpunga. Anayeona maji yakipanda yuko Kericho au Nandi, na anayehitaji kujua yuko Kisumu. Kaunti zote tatu ni wanachama wa jumuiya ya kaunti 14 za ukanda wa ziwa, na sidhani kuna kazi inayoifaa jumuiya hiyo kuliko hii. Rangi tatu kwenye nguzo ya daraja, kijana mmoja mwenye simu kule juu, redio ya lugha ya mama, basi.

Kikao kilipoisha tulipewa soda. Nilitoka na yule mama aliyeuliza swali, kwake si mbali, na akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha tuta. Lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, kimo cha mtu mzima, nyasi zimelishika vizuri upande wa nyumba. Halafu hatua ishirini kutoka pale tuliposimama, pengo. Nililipima kwa miguu: hatua nne juu, hatua moja na nusu chini, udongo umesuguliwa na kwato hadi unang'aa. Alikuwa amejaza magunia mawili ya tope katikati na kuyakalia ili yashike.

"Uliona kama aliandika hili?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeketi nyuma, na daftari la afisa sikuliona. Nilisikia tu akirudia kwa sauti alipokuwa akiandika: tuta, kilomita tatu, mpya.

Saa kumi na moja ng'ombe walirudi kutoka mtoni. Walikuwa wa jirani, wanane, na mmoja wake. Walipanda wakifuatana, wa mbele akanusa gunia, akaliruka, na wa nyuma wakalikanyaga.